Wano Likikataa Upinde

Mchana wa kiangazi huko Kahe, tambarare ya joto iliyolala kusini-mashariki mwa mji wa Moshi, mtoto anayechunga mbuzi hana haja ya duka la vifaa vya michezo. Atakata ufito wa mkole, ataukunja, ataufunga kamba ya katani, na upinde umekamilika. Mshale ataupata mtoni, kwenye matete. Kisha ataweka kopo juu ya kichuguu, atarudi hatua kumi na tano, atavuta na kuachia, na mshale utakwenda zake kando kama mlevi aliyesahau njia ya kwao. Atajaribu mara tano. Mara ya sita atautupa upinde na kwenda kukata mwingine.

Upinde ule haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye tete lenye unene wa dole gumba, gumu kupita kiasi kwa ufito mwembamba uliokuwa unalisukuma. Angebadilisha pinde kumi na bado angelikosa kopo, na daima upande uleule.

Wengi wetu tukimwona mtu na silaha hii, macho huenda kwenye upinde. Ndio mkubwa, ndio unaopinda, ndio unaotundikwa ukutani kwenye maduka ya vinyago. Ila ukikaa na watu wanaoishi kwa kazi hiyo utaona mikono yao iko kwenye mishale karibu muda wote. Upinde mzuri hukaa na mwenyewe misimu kadhaa. Mishale huvunjika, hupotea majanini, hupinda kwa unyevu, na kila unaochukua nafasi ya mwingine lazima upatanishwe upya na upinde uleule na mkono uleule. Huko kupatanisha ndiko kunakomtenga fundi na mtu mwenye fimbo na kamba.

Kwanza majina, maana Kiswahili kina utajiri wake hapa na unaanza kusahaulika. Mti wa mshale ni wano. Ncha yake ya chuma au ya mti mgumu ni chembe, na ikiwa na miiba ya kuzuia isichomoke, kigumba. Nyuma kuna manyoya, na nyuma kabisa kuna koleo, pengo dogo linaloukumbatia ugwe. Ugwe ndiyo kamba ya upinde, nao ukisokotwa kwa mishipa ya mnyama huitwa pia upote. Mishale hukaa kwenye podo. Watu wa pwani waliyahitaji maneno haya hata katika hadithi zao. Fumo Liyongo, shujaa wa upande wa Lamu na Ozi, husimuliwa kwamba alikufa amepiga goti kisimani na mshale ukiwa upindeni, na watu wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kwenda kuteka maji, wakidhani bado analenga.

Sasa turudi kwenye kopo la yule mtoto.

Shika upinde wa mti kwa mkono wa kushoto, ule wa kawaida wenye kishikio cha mviringo. Weka mshale upande wa kushoto wa kishikio. Vuta ugwe mpaka shavuni: mshale unatazama shabaha, au karibu yake. Bila kuachia, urudishe ugwe polepole mpaka mahali pake pa kupumzika, halafu tazama tena. Ugwe sasa uko katikati ya upinde, lakini mshale umeegemea ubavu wa kishikio, na ncha yake inatazama kushoto kabisa. Kwa hesabu ya rula, mshale ulipaswa kwenda kushoto siku zote, na mpigaji angelazimika kulenga nyumba ya jirani ili apate mti wa kwake. Mbona basi mpigaji hodari hulenga shabaha na kuipata?

Wapenzi wa mchezo wa upinde huko Ulaya na Marekani walilisumbukia fumbo hilo kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1930 mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, alilifungua kwa kupiga picha za kasi kubwa za mshale ukiwa unatoka. Picha zilionyesha jambo ambalo jicho haliwezi kulikamata: mshale hautoki ukiwa umenyooka. Unatoka ukijinyonganyonga kama samaki.

Sababu iko kwenye ncha za vidole. Ugwe ukiachiwa hauondoki kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa huteleza kwanza kando ya vidole. Wakati huohuo mkia wa mshale unasukumwa kwa nguvu zote za upinde, huku chembe, ambayo ni nzito na bado imesimama, ikikataa kuondoka. Wano lililo katikati ya mvutano huo hunyumbuka. Kwanza hubana ubavu wa upinde, kisha hujirudi na kutunisha tumbo upande wa nje, na kama mambo yamepangwa vizuri, mkia unapofika kwenye kishikio unakuwa umechepuka mbali nacho na kupita bila kugusa. Mshale umeuzunguka upinde. Yote hayo huisha kwa muda wa takriban sehemu moja ya hamsini ya sekunde, na baada ya hapo mshale huendelea kutikisa mkia kwa mita kadhaa mpaka manyoya yautulize.

Neno zito hapo ni “kama mambo yamepangwa vizuri”. Wano likiwa kakamavu mno halinyumbuki vya kutosha. Mkia hupiga kishikio na mshale husukumwa kushoto. Likiwa legevu mno hupinda kupita kiasi, hujirudi kwa fujo, na mshale huangukia kulia. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze maneno haya. Kati ya ukakamavu na ulegevu kuna mahali pembamba ambapo wano na upinde hupatana, na mahali hapo hutofautiana kwa kila upinde. Mshale uliokuwa mtiifu kwa upinde wa kaka mtu utaasi kwa upinde wa mdogo wake.

Anayetaka kuona watu walioijua elimu hii kabla ya kamera yoyote apande basi Moshi, apite Arusha na Karatu, ateremke Mang'ola kwenye mashamba ya vitunguu. Kandokando ya Ziwa Eyasi na katika bonde la Yaeda wanaishi Wahadza, watu wanaozidi elfu moja kidogo, ambao baadhi yao bado wanategemea kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mtoto wa kiume wa Kihadza hupewa upinde mdogo akiwa hajamaliza hata kubadilisha meno. Mwanamume akiwa kambini, mazungumzo yakiendelea na moto ukiwaka, mikono yake kwa kawaida ina mshale.

Namna wanavyounyoosha inastahili kutazamwa kwa karibu. Chipukizi la mti, likiwa limemenywa gamba, hupitishwa juu ya makaa bila kuunguzwa, mpaka utomvu uliobaki upate moto na nyuzi za mti zilainike. Fundi hulikaribisha jichoni kama mtu anayechungulia kwenye bomba, analizungusha, anaona kilema kiko wapi. Kisha huliweka kati ya meno. Meno hushika, mikono hupinda kinyume na kilema, na hapo hutulia mpaka mti upoe katika umbo jipya. Jicho, moto, meno. Jicho, moto, meno. Mshale ulionyooka asubuhi huweza kupinda jioni mvua ikinyesha, na mzunguko huanza tena.

Katika kukwangua ndiko ukakamavu unakopimwa. Fundi hushika ncha mbili, hukandamiza katikati na kuusikiliza mti kwa mikono. Hana mizani, ana kumbukumbu ya mamia ya mishale iliyotangulia.

Mhadza hubeba mishale ya aina zaidi ya moja. Kuna wa mti mtupu, ncha yake ikiwa imechongwa tu, kwa ndege na wanyama wadogo. Kuna wenye chembe ya chuma, na kuna wa chuma uliopakwa sumu kwa wanyama wakubwa. Chuma hupatikana kwa kuponda msumari kwa jiwe au nyundo bila kuutia motoni, au kwa kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga wa huko huko Eyasi, ambao huyeyusha mabaki ya vyuma na kufua vichwa vya mishale. Kila aina ina uzito wake mbele, na uzito wa mbele hubadilisha tabia ya wano. Chembe nzito hung'ang'ania pale ilipo ugwe unaposukuma, hivyo wano hupinda zaidi na kuonekana legevu. Ukiondoa chembe ya mti na kufunga ya chuma juu ya wano lilelile, umepata mshale mwingine kabisa. Anayedhani mishale yote ya podo moja ni ndugu wa tumbo moja atashangaa.

Tukirudi chini ya Kilimanjaro, vifaa vya kazi hii havikuwa mbali. Kutoka Kahe, ukitazama mashariki, unaiona milima ya Upare wa Kaskazini. Huko Ugweno, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kuyeyusha chuma, na bidhaa za wahunzi wa Ugweno zilipanda mpaka Uchaggani. Mawano yalitegemea ulipo. Mlima Meru una ukanda wa mianzi, ila Kilimanjaro, pamoja na ukubwa wake wote, haina ukanda mpana wa mianzi kati ya msitu na mbuga za juu. Kwa hiyo mtu wa tambarare alitazama vichaka vya mkole na matete ya kandokando ya mito inayoteremka kuelekea Ruvu.

Tete na mkole ni tabia mbili tofauti. Tete ni jepesi na lina uwazi ndani, na hapo ndipo linapopata ukakamavu wake, lakini huwezi kulikwangua. Ukila ukuta wake umelivunja. Kwa tete unachagua, huchongi. Unakata ishirini, unakausha kivulini, unatupa kumi na tano. Chipukizi la mkole linasamehe zaidi: likiwa gumu unalikwangua, likiwa refu unalikata, likipinda unalipasha moto. Tena chipukizi ni nene upande wa shina na jembamba upande wa kilele, na mafundi wengi wa mishale ya chipukizi huweka upande mnene mbele. Uzito unakwenda kwenye chembe, na mkia mwembamba unapita kishikioni kwa urahisi.

Upinde kama silaha ya vita ulikuwa umeshapitwa na wakati zamani. Machi 1916, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalipopigana na Wajerumani hapo hapo Kahe kugombea njia ya reli, yaliyozungumza yalikuwa mizinga na bunduki. Lakini kwenye uwindaji upinde uliishi miaka mingi zaidi, na mfano mkubwa kuliko yote uko ng'ambo ya mpaka, ukishavuka Taveta.

Wawata, ambao majirani zao wengi huwaita Waliangulu, waliishi katika nyika inayozunguka Tsavo na mto Galana nchini Kenya, na waliwinda tembo. Si kwa kundi la watu na mitego. Kwa upinde. Pinde zao kubwa zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuzivuta, yaani zaidi ya kilo 45, kiasi kinachoshindana na pinde ndefu za Waingereza wa zama za kati. Kwa mlinganisho, upinde wa kawaida wa mtu anayeanza kujifunza leo huvutwa kwa pauni 25 au 30. Kampeni ya kuzuia ujangili ya mwaka 1956 na 1957 katika hifadhi ya Tsavo, iliyoongozwa na askari wanyamapori wakiwemo David Sheldrick na Bill Woodley, iliwakamata wengi wao, na maisha yale yakaisha ndani ya kizazi kimoja. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kusikia mambo mawili kwa pamoja: tembo walihitaji kulindwa, na watu waliofungwa walikuwa mafundi ambao ulimwengu haukuwa na wengine wa aina yao.

Upinde wa pauni 100 hauwezi kusukuma mshale uliopatanishwa na upinde wa pauni 40. Wano lingejikunja kama tambi na pengine kupasuka mkononi. Mshale wa tembo ulikuwa mzito na mnene, na mbele ulikuwa na kipande cha kuchomekwa kilichopakwa sumu, ili kibaki mwilini mwa mnyama hata wano likidondoka. Sumu yenyewe ilitokana na mti ambao Wagiriama huuita mutsungu na Wakamba kivai. Magamba na vijiti vyake huchemshwa kwa muda mrefu mpaka itokee lami nyeusi, na lami hiyo hufungwa kwa ngozi nyembamba isikauke wala kumgusa mwenyewe. Mwaka 1888 mkemia wa Ufaransa, Arnaud, aliitenga kemikali yake, na jina lake la kitaalamu, ouabain, limetokana na neno la Kisomali la sumu hiyo ya mishale.

Sumu ya aina hii huushika moyo, na kwa sababu hiyo madaktari waliikimbilia. John Kirk, kabla hajawa konseli wa Uingereza Zanzibar, alisafiri na Livingstone upande wa Zambezi na kukusanya sumu nyingine ya mishale, ya mmea wa jamii ya Strophanthus. Mswaki wake ulikaa mahali pamoja na sumu hiyo, naye akagundua kwamba kila akipiga mswaki mapigo ya moyo yanabadilika. Kutokana na sumu ile ilipatikana dawa ya moyo iliyotumika kwa miaka mingi. Kwa mchonga mishale, hata hivyo, lami ni kitu kingine pia: ni uzito. Tabaka nene la sumu nyuma ya chembe huongeza gramu mbele, na gramu hizo hulegeza wano kama chembe kubwa inavyolilegeza.

Mtu wa leo anayetaka kucheza mchezo huu kwa upinde wa mti, au ule wenye ncha zilizopinda mbele ambao ulitumika Asia na Misri ya kale, anaweza kufanya kwa vipimo kile ambacho Mhadza hufanya kwa vidole. (Anayefikiria kwenda nao porini akumbuke kwamba kuwinda mnyamapori Tanzania bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Lengo hapa ni gunia lililojazwa majani makavu.)

Anza na upinde. Ufunge kwenye mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia mizigo, na uvute ugwe mpaka pale unapovutia wewe. Usitumie namba iliyoandikwa na fundi, kwa kuwa yeye alipima kwa mkono wa urefu wake. Mtu mwenye mikono mifupi hupata nguvu ndogo kutoka kwenye upinde uleule; kila inchi moja, kama sentimita mbili na nusu, huongeza au kupunguza karibu pauni mbili.

Kisha pima wano. Pigilia misumari miwili ukutani, kichwa nje, kwa usawa mmoja, umbali wa sentimita 66. Laza wano juu yake. Katikati ning'iniza chupa ya maji uliyoijaza mpaka chupa, maji na kamba vifikie gramu 907 kwenye mizani ya dukani. Wano litabonyea. Pima limebonyea milimita ngapi. Kwa kanuni inayotumiwa kwa mishale ya mti, wano linalobonyea milimita 22 linafaa upinde wa pauni 30. La milimita 16 na nusu, pauni 40. La milimita 13, pauni 50. La milimita 11, pauni 60. Kadiri namba ya kubonyea inavyopungua ndivyo wano linavyozidi kuwa kakamavu, na jambo hilo huwachanganya wageni wote siku ya kwanza. Viwanda vya mishale ya kaboni hutumia misumari iliyo mbali kidogo zaidi na uzito wa gramu 880, hivyo namba za kiwandani na za ukutani kwako zisilinganishwe.

Majibu ya ukuta ni mwanzo tu. Kishikio kinene kinalazimisha mshale uzunguke zaidi, hivyo huhitaji wano legevu kidogo kuliko jedwali linavyosema. Mshale mrefu hulegea, mfupi hukakamaa. Na unene una nguvu kuliko watu wanavyodhani: ukakamavu wa fimbo ya mviringo hukua kwa unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Wano la milimita 9 lina ukakamavu wa asilimia 60 zaidi kuliko la milimita 8 la mti uleule. Milimita moja! Ndiyo sababu msasa huharibu mishale mingi kuliko kisu. Mtu husugua akidhani anapendezesha, kumbe anahama kutoka upinde mmoja kwenda mwingine.

Uzito nao usipuuzwe. Kwa upinde wa pauni 40, mshale mzima wa gramu 21 hadi 26 ni wa salama. Mwepesi kuliko huo unaruka kwa kasi ya kufurahisha, lakini nguvu isiyobebwa na mshale hubaki kwenye upinde, nao huanza kupasuka. Kuachia ugwe bila mshale kabisa ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuuua upinde, na watoto wa mgeni ndio hupenda kuujaribu hivyo.

Manyoya yanahitaji jicho. Zamani yalikuwa ya kanga au tumbusi. Siku hizi, kwa kuwa tumbusi wanapungua na wanalindwa, bata mzinga anatosha. Unyoya wa bawa la kushoto umepinda upande mmoja na wa kulia upande wa pili. Usiyachanganye kwenye mshale mmoja, kwani moja litauzungusha huku na jingine kule. Matatu, kwa nafasi sawa, na moja kati yake litazame nje, mbali na upinde, ili lisipigwe wakati wa kupita. Koleo, kama wano limepasuliwa kutoka ubao, likatwe kuvuka mistari ya mti, lisije likafunguka kama kuni chini ya ugwe.

Baada ya hayo huja kipimo ambacho hakidanganyi. Tengeneza mishale minne ya namna moja, mitatu iwe na manyoya na mmoja uchi. Simama hatua kumi na tano kutoka kwenye gunia, lenga mahali pamoja, piga yote minne. Manyoya hufunika makosa. Mshale uchi hauna nguo ya kujificha. Ukiwa mpigaji wa mkono wa kulia na mshale uchi ukaangukia kushoto mwa wenzake, wano ni kakamavu: ongeza uzito wa chembe, au kwangua taratibu sehemu ya katikati, kwa kuzungusha, mara chache tu kabla ya kupiga tena. Ukiangukia kulia, wano ni legevu: lifupishe kidogo kidogo, au weka chembe nyepesi. Ukipanda juu ya wenzake, koleo limekaa chini mno kwenye ugwe. Ukishuka, limekaa juu mno.

Kuna pia ujanja mmoja usiogusa mshale hata kidogo. Pima nafasi kati ya kishikio na ugwe upinde ukiwa umefungwa. Kipimo cha zamani ni ngumi na dole gumba lililosimama, ambacho kwa mkono wa mtu mzima ni kama sentimita 17 au 18. Pinde nyingi zenye ncha zilizopinda mbele hutaka zaidi kidogo. Kusokota ugwe mizunguko michache huufupisha na kuongeza nafasi hiyo, na mara nyingine mshale uliokuwa unapiga kelele kishikioni hunyamaza. Sikio husaidia. Mshale uliopatana hutoka kwa sauti nene na fupi, usiopatana hugonga.

Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, bendera ya Kenya ilibebwa na mpiga upinde, Shehzana Anwar. Katika Olimpiki hupigwa kutoka mita 70. Shabaha ina upana wa sentimita 122, na duara la pointi kumi lina sentimita 12.2, ambayo kwa umbali huo ni kama balungi lililowekwa ng'ambo ya barabara kuu na uwanja wake. Pinde za huko zina kishikio kilichokatwa ili mshale upite karibu kabisa na katikati, mishale ni ya kaboni, na kuna kitufe chenye springi pembeni kinachopokea ule msukumo wa kwanza wa wano. Mamilioni ya shilingi yametumika ili mshale usihitaji kuzunguka sana. Hata hivyo kabla ya mashindano mpigaji bado hutoa mshale usio na manyoya, anaupiga pamoja na wenzake, anaenda kutazama umeangukia wapi.

Huko Kahe yule mtoto ameacha matete. Amekata chipukizi la mkole lisilozidi kidole chake kidogo, amelimenya, amelinyoosha kwa moto wa vijiti, na sasa amekaa chini ya mgunga akilikwangua kwa kipande cha chupa. Pigo la kwanza limepita shubiri nzima kushoto mwa kopo. Amekwangua. La pili limepita vidole vinne, bado kushoto. Analikaribisha jichoni, analizungusha, anakwangua mara tatu katikati na kupuliza unga wake. Nyuma yake mbuzi wameshaingia kwenye mahindi ya watu.